Je, Huyu Ndiye Shing'weng'we?

Tunaoandika hadithi za kubuni tuna udhuru mmoja mtamu: kisima kikavu hakichotwi maji. Kwa hiyo kuperuzi mtandaoni si uvivu, ni kukijaza kisima. Mimi ninayetunga habari za majoka na falme zisizokuwepo, hapa Misungwi, napenda kuuamini udhuru huo. Bando la siku moja hunipa ngome za Scotland, michoro ya majoka na mafunzo ya kubuni ulimwengu mzima. Lakini ni wakati gani kutafuta wazo kunageuka kuwa njia ya kulikwepa?

Kuchota mbali si kosa. J.R.R. Tolkien, alipokuwa mwanafunzi Oxford, alivutwa na Kalevala, utenzi wa Wafini, akahangaika na kitabu cha sarufi ya Kifini ili ausome kwa lugha yake. Alichokitafuta kilimdai jasho. Kideo cha nusu dakika hakinidai kitu. Kabla sijajiuliza joka linapumuaje, nimeshaonyeshwa, na kideo kingine kimeshaingia.

Wasukuma tuna zimwi letu, Shing'weng'we. Lilimeza watu wote, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipopata akili aliuliza watu wengine wako wapi, akaelezwa. Akaenda kuwinda. Alirudi na panzi: mama, huyu ndiye Shing'weng'we? Siye, mwanangu. Akarudi na ndege, kisha na mnyama, na jibu likawa lile lile. Hakuna aliyemchorea zimwi. Nadhani ndiyo sababu alikua: alitembea na swali siku nyingi bila jibu.

Siku za namna hiyo zinatuishia. Pale Kigongo watu walikuwa wakingoja kivuko wakipiga soga; tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 linawavusha hadi Busisi kwa dakika chache. Siililii foleni ile, maana hata wagonjwa walikaa humo. Ila muda uliookolewa umekwenda wapi? Wangu, mwingi umemezwa na simu.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la haki na dhuluma, wala si la ratiba tu. Bibi yangu siku hizi husimulia polepole. Hunyamaza katikati ya maneno akitafuta jina la mtu au la mti, na mkono wangu huiwaza simu. Kumbe ukimya ule ndio unaonipa kazi. Akinyamaza, nalazimika kumuumba Shing'weng'we mwenyewe: ngozi yake, harufu yake, giza la tumboni mwake. Video zitakuwepo kesho. Kwa bibi sina dhamana hiyo.

Basi nimejiwekea kipimo. Kitu kikiniachia swali la kutembea nalo, kinanilisha, hata kama kimetoka kwenye simu. Kikinijibu kabla sijauliza, kinanimeza, hata kama ni kizuri.

Masala Kulangwa hatimaye alimuua Shing'weng'we, akampasua tumbo, watu wakatoka wazima. Lakini kisu kilimkata bibi kizee mmoja sikio, naye hakunyamaza. Ukombozi wa watu wote haukulifuta deni hilo. Ilimbidi kijana alilipe. Nami naona kwamba anayetaka kuwatoa watu wa kale tumboni mwa usahaulifu, awape uhai katika kitabu, ana deni la kulipa mapema: sikio, kwa bibi ambaye bado anasimulia.