NASAHA KWA MPIGA SHABAHA ALIYEKINAI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu jicho la kuona mbali na mkono wa kutulia. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baada ya haya: huulizwa mara kwa mara, barazani baada ya sala ya alasiri, khabari ya mtu aliyezoea upinde au bunduki tangu ujana wake, kisha akauona moyo wake umepoa. Akipata haoni furaha, akikosa haoni uchungu. Bunduki imefungiwa sandukuni, haikutiwa mafuta, na mtutu umeanza kufanya kutu. Naye mwenyewe hajui: je, aache? Je, ajilazimishe? Na je, kupoa huko kuna lawama mbele ya Mwenyezi Mungu? Nasaha hii ni jawabu lake, nayo ina fasili nne.

FASLU YA KWANZA: Katika kubainisha cheo cha shabaha

Fahamu, ewe ndugu Muislamu, ya kwamba kulenga shabaha si mchezo mtupu kama michezo mingine. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Anfal, aya ya 60, amewaamrisha waumini waweke tayari nguvu waziwezazo. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwa Uqba bin Amir ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliifasiri nguvu hiyo juu ya mimbari kuwa ni kutupa mishale, akakariri neno hilo mara tatu. Na katika Bukhari imo khabari ya watu wa Aslam waliokuwa wakishindana kwa mishale. Mtume akawapitia, akawatia moyo kwa kuwakumbusha baba yao Ismail kuwa alikuwa mpiga mishale, akasema yeye yu pamoja na upande mmoja. Wa upande wa pili wakazuia mikono yao, kwani nani atashindana na upande alio Mtume? Alipoijua sababu akawaambia waendelee, naye yu pamoja nao wote.

Basi jambo ambalo Mtume amelisimamia na kulitazama kwa furaha, halifai kuachwa kama kiatu kilichochakaa.

FASLU YA PILI: Katika khabari ya mzee baina ya shabaha mbili

Huyo Uqba bin Amir Al-Juhani alikuwa sahaba mkubwa, msomaji wa Kurani, akawa liwali wa Misri katika zama za Muawiya, akafa huko mwaka 58 wa Hijra. Katika uzee wake alikuwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, akitupa mishale huku na kuifuata kule. Mtu mmoja akamshangaa, akamwambia kwamba yeye ni mzee na jambo hilo linamtaabisha. Uqba hakukana. Hakusema kuwa ni jepesi, wala hakusema kuwa bado analiona tamu kama zamani. Alijibu ya kwamba lau si neno alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.) asingejitaabisha, nalo ni kuwa mwenye kujifunza kutupa mishale kisha akaiacha, si katika waumini wa njia yake, au ameasi.

Itazame khabari hii vizuri, ewe uliyekinai. Sahaba wa Mtume aliona taabu ya shabaha. Basi kuona taabu si aibu, wala si dalili ya imani kutoka. Na Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Muslim, amebainisha kuwa makemeo hayo ni juu ya mwenye kuacha pasipo udhuru, nako ni karaha iliyo kali. Ama mwenye udhuru, kama maradhi au macho kufifia, hana lawama.

Na katika Sunan ya Abu Dawud, kwa Uqba huyu huyu, limeongezwa neno linalofungua mlango mzima: ya kuwa mwenye kuiacha shabaha baada ya kuijua, kwa kuichukia, ameiacha neema na kuikufuru. Angalia sharti lililotajwa: kwa kuichukia. Kupumzika si kuchukia. Basi kazi ya mtu aliyekinai ni kuuliza moyo wake: je, mimi nimechoka, au nimechukia? Na kama nimechukia, nimekichukia nini hasa?

FASLU YA TATU: Katika sababu za kukinai, nazo ni tatu

Sababu ya kwanza ni kupita kiasi. Imamu Shafi (R.A.), aliyezaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra na kufa Misri mwaka 204, alikuwa bingwa wa mishale kabla ya kuwa bahari ya ilimu. Imepokewa kwake kwamba hamu yake ilikuwa katika mambo mawili, mishale na ilimu, na kwamba katika mishale alifika kupiga kumi akapata kumi. Na imepokewa pia kuwa alidumu katika shabaha hata tabibu akamhofia kupata kifua kikuu kwa wingi wa kusimama juani. Ikiwa Imamu mwenyewe alionywa na tabibu, basi mtu wa leo asione ajabu bega lake kuuma na moyo wake kuchoka, naye hupiga kila siku pasipo hesabu.

Na dawa yake imo katika vitabu vya fikihi. Al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu, amesema hapana aliyemtangulia Imamu Shafi katika kuupanga mlango wa mashindano ya mishale. Na katika mlango huo wanazuoni wameshurutisha mambo yajulikane kabla ya mshale wa kwanza kutoka: umbali wa shabaha, ukubwa wake, idadi ya mishale, na idadi ya kupata ambayo kwayo mtu hushinda. Masharti hayo yamewekwa ili kuondoa ugomvi baina ya watu wawili. Lakini mwenye akili atayaweka baina yake na nafsi yake: leo ni mishale ishirini, kwa umbali huu, kisha upote unalegezwa na mtu anakwenda zake. Asiye na hesabu hajui kama amemaliza. Na asiyejua kama amemaliza hapumziki hata akiwa amelala.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili za msikiti. Akauliza, akaambiwa ni ya Zainab, huishika akichoka katika sala. Akaamrisha ifunguliwe, na mtu asali maadamu ana nguvu, na akilegea akae. Ikiwa katika sala, iliyo nguzo ya dini, haikuruhusiwa nafsi kufungwa kamba, basi vipi katika upinde?

Sababu ya pili ni niya kuharibika. Kijana hulenga ili asifiwe, naye husifiwa. Kisha miaka ikapita, sifa zikazoeleka, na wengine waliopata vizuri zaidi wakatokea. Huyu hakuichoka shabaha, bali amekosa malipo aliyoyazoea. Alikuwa kibarua wa midomo ya watu, na midomo imenyamaza. Dawa yake si bunduki mpya wala upinde wa thamani kubwa. Hivyo vitampa furaha ya mwezi mmoja. Dawa ni kuifanya upya niya, apige mahali asipoonekana ila na Mola wake, mpaka shabaha iwe tena baina yake na Mwenyezi Mungu.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, na wengi hawaitambui. Na upigwe mfano wa mtu mmoja wa Bagamoyo, na mfano si khabari ya mtu maalumu. Alifundishwa na mjomba wake kwa gobori, akawa mwindaji hodari wa kanga na paa katika vichaka vya upande wa Wami. Desturi yake ilikuwa, akisikia mlio wa risasi yake tu, kukimbia na kisu mkononi. Kwani katika madhehebu ya Shafi mnyama aliyeuawa na risasi kabla ya kuwahiwa yu hai na kuchinjwa, si halali kuliwa. Siku moja akampiga paa kwa mbali. Jua lilikuwa kali na miguu mizito, akaenda polepole. Alipofika, mnyama amekwisha kufa. Akatazama kulia na kushoto, akapitisha kisu katika shingo ya mzoga, akarudi nyumbani. Watoto wakala, na jirani akapelekewa sahani yake.

Tangu siku ile bunduki ikawa nzito. Akadhani ni uzee. Akanunua nyingine nyepesi, nayo ikawa nzito. Akasema mwitu umebadilika. Lakini mwitu haukubadilika, wala mkono wake haukuzeeka kwa usiku mmoja. Moyo wake ulikuwa ukimkumbusha deni, naye akauita ukumbusho huo uchovu.

Imepokewa katika Abu Dawud na Tirmidhi, kwa Ibn Abbas, ya kwamba mwenye kufuata mawindo hughafilika. Ghafla haiji kwa kishindo. Huanza kwa alfajiri iliyopita mtu yumo njiani, kisha adhuhuri iliyoahirishwa, kisha kisu kilichochelewa. Basi mwenye kukinai kwa sababu hii asiitafutie nafsi yake burudani. Kukinai kwake ni rehema. Ni mlango uliobishwa ili auamkie. Atubu kwa Mola wake, alipe sala zilizompita, awaambie kweli aliowalisha pasipo kujua, kisha aone kama mtutu hautakuwa mwepesi.

FASLU YA NNE: Katika mambo ya kufanya, na ya kujihadhari nayo

Ajihadhari aliyekinai asizindue moyo wake kwa haramu. Katika Bukhari na Muslim imo khabari ya Ibn Umar, aliyewapitia vijana wa Kikureshi wamemsimamisha ndege wakimfanya shabaha, na kila mshale uliokosa wakampa mwenye ndege. Walipomwona wakatawanyika, naye akawataja kwa laana aliyoisikia kwa Mtume juu ya mwenye kufanya hivyo.  Tafuta ladha zaidi. Ndivyo moyo uliokinai usemavyo.

Na ajihadhari na kamari. Zawadi katika kushindana kwa mishale inajuzu ikitolewa na mtu wa tatu au na mmoja wa washindani. Wakitoa wote wawili, ni kamari, ila akiingia kati yao wa tatu aliye hodari kama wao, apataye akishinda wala hatoi akishindwa.

Na ajihadhari na kuvunja sheria ya nchi, kwani kutii katika lisilo maasi ni wajibu, na amana ya watu haivunjwi. Silaha ina sheria yake ya mwaka 2015, na wanyama wa mwitu wana sheria yao ya mwaka 2009. Hapigwi mnyama pasipo kibali. Na Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005. Asiingie humo kwa mawindo mwenye kusema babu yake aliwinda hapo.

Ama la kufanya, ni haya. Imepokewa katika Musnad ya Ahmad ya kuwa kila amali ina ukali wake, na kila ukali una ulegevu wake. Na ambaye ulegevu wake haukumtoa katika Sunna ameongoka. Basi legea, lakini legea ndani ya mpaka. Na Bibi Aisha amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Siku moja katika juma, mishale michache kwa hesabu, yamtosha mtu asiitwe mwenye kuacha.

Na lililo bora kuliko yote limo katika hadithi ile ile ya Uqba. Imetajwa humo ya kuwa kwa mshale mmoja Mwenyezi Mungu huwaingiza peponi watu watatu: aliyeutengeneza kwa kutaka kheri, aliyeutupa, na aliyemkabidhi mwenye kutupa. Mkono uliochoka kutupa haukuchoka kukabidhi. Yule mtu wa mfano, baada ya toba yake, hakurudi Wami. Aliwakusanya watoto wa mtaa siku ya Ijumaa baada ya alasiri, penye uwanja mtupu ulio na ukingo wa mchanga, akasimamisha kifuu cha nazi juu ya mti, akawapa upinde. Akawafundisha kusimama, kuvuta pumzi, kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kutomlenga mtu hata kwa mzaha. Na adhana ikisikika, upote unalegezwa papo hapo, hata kama mshale umekwisha wekwa. Kijana mmoja akakosa mara tisa, akapata ya kumi. Yule mzee akacheka, na ilikuwa muda mrefu hajacheka penye shabaha.

Basi, ewe ndugu, fungua sanduku lako. Tia mafuta mtutu, au nyosha mawano ya mishale yako. Ukiwa umechoka, pumzika kwa kiasi. Ukiwa ulitaka sifa, badili niya. Ukiwa una deni kwa Mola wako, lilipe kabla ya kulenga tena. Na ukiwa umezeeka, tafuta mkono mchanga uukabidhi mshale.

Ewe Mola, usitufanye katika wenye kukufuru neema zako kwa kuzizoea. Uthibitishe mikono yetu katika halali, uamshe nyoyo zetu katika ghafla, utufishe juu ya uislamu, Wewe ukiwa radhi nasi. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amin.

Wallahu aalam.