Kunguru na Kulabu Yake

Tumezoea kusema kwamba mwanadamu hutofautika na wanyama kwa ufundi wa mikono yake, maana yeye peke yake hujitengenezea vyombo vya kazi. Basi na tumtazame kunguru wa kisiwa cha New Caledonia, katika Bahari ya Pasifiki, ambaye mtaalamu Gavin Hunt aliandika habari zake mwaka 1996. Ndege huyo hukata kitawi chenye panda, huondoa majani, huchonga ncha kwa mdomo hata iwe kulabu, kisha huitia katika tundu la mti na kuwavuta wadudu waliojificha. Pengine huchana ukingo wenye miiba wa jani la mti wa jamii ya mkadi, apate chombo cha namna nyingine. Wala hakitupi ovyo: wakati wa kula, mara nyingi hukikanyaga kwa mguu au kukiweka tunduni, apate kukitumia tena.

Je, utu wetu umepungua? Hasha, kilichoanguka ni majivuno yetu. Maana tulikuwa tukipimana kwa vyombo: mwenye cherehani tulimwamkia kwa heshima, na mwenye jembe bovu tulimpita kana kwamba hatukumwona. Kama ufundi ndio utu, yatupasa kumwamkia kunguru pia! Panga lafyeka shamba, na panga lile lile lamjeruhi jirani. Kunguru haulizwi kulabu yake imefanya nini, sisi twaulizwa. Katika kulijibu swali hilo ndimo utu ulimo, wala si katika makali ya panga.