Jina Lako Lisibaki Nyumbani

Masomo: Luka 10:25-37, Kutoka 28:9-12



Katika mfano wa Msamaria Mwema tumezoea kuwatazama wale watatu waliopita njiani: kuhani, Mlawi na Msamaria. Leo na tumtazame yule aliyelala chini. Amevuliwa nguo, amejeruhiwa, yu karibu kufa, na pengine hata kauli hana. Mtu akiwa safarini hutambulikana kwa mavazi yake na kwa usemi wake. Huyu amebaki bila kimoja wala kingine. Apitaye hawezi kujua ni mwana wa nani, ametoka kijiji gani, wala ni nani aliyemwekea chakula cha jioni.

Hali hiyo haiko mbali nasi. Huku Kiriba, na katika vijiji vya Musoma, Butiama na Bunda, baiskeli ndiyo miguu yetu. Mwuza samaki huondoka mwaloni alfajiri na tenga lake nyuma. Baba hupeleka mahindi mashineni. Mwinjilisti huenda kusalisha mtaa wa pili, na mwanafunzi huwahi kengele. Wengi wao hatimaye huingia barabara kuu ya lami itokayo Mwanza, ikapita Bunda na kuendelea hadi Sirari, ambako mabasi na malori hayamngoji mtu. Aangukaye huko huokotwa na watu wasiomjua. Hupelekwa hospitali ya Bunda au ya Musoma, na akizidiwa huenda akapelekwa Bugando, Mwanza. Kila hatua ya kumwokoa inamweka mbali zaidi na wamjuao. Nyumbani wanasema, "Labda amelala kwa shemeji yake."

Katika miaka ya karibuni waendesha baiskeli wamekuwa wakisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Butiama, safari iitwayo Twende Butiama, kumkumbuka Mwalimu Nyerere aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Wao huenda kwa kundi. Mmoja akianguka, yupo mwenzake wa kulitaja jina lake. Mwuza samaki wetu huenda peke yake.

Sisi watu wa Ziwa tunaujua uzito wa kutojulikana. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Wanyonge ndio hawakuandikwa. Miili ya wengi ilizikwa Igoma bila kutambuliwa, na ziko familia ambazo hazikupata kaburi la kulilia. Kilio kina mwisho wake, lakini kungoja mtu asiyejulikana aliko hakuna mwisho.

Basi tufungue somo la pili. Mungu alimwagiza Musa kwamba Haruni, aingiapo mahali patakatifu, achukue mabegani mawe mawili yaliyochorwa majina ya wana wa Israeli, sita kwenye jiwe moja na sita kwenye jingine. Angalieni: Haruni hakuvaa jina lake mwenyewe. Alivaa majina ya watu wake.

Hapa ndipo penye fundisho letu. Tunawasihi kila mpanda baiskeli avae au achukue mwilini mwake karatasi yenye jina lake; lakini jina kubwa kwenye karatasi hiyo ni la mtu wa kuitwa: mke, mama, kaka, jirani. Kuandika jina la mkeo na namba yake ya simu ni kumwambia, "Sitakuacha ukingoje bila habari." Huo ni upendo, tena haugharimu hata bei ya kiberiti.

Andika jina lako lote. Huku kwetu akiitwa Magesa, Mafuru au Marwa watageuka wengi. Kwa hiyo ongeza kijiji na kitongoji. Andika namba za simu za watu wawili, kwa maana mmoja aweza kuwa hana chaji. Kama una kisukari, kifafa au siko seli, au kama kuna dawa inayokudhuru, iandike. Kundi la damu lisikusumbue sana, kwani hospitali hupima yenyewe kabla ya kukuongezea damu. Na jambo lililo siri kati yako na daktari si lazima kuliweka mbele ya macho ya kila mtu. Namba ya ndugu alijuaye yatosha.

Ifunge karatasi ndani ya nailoni, uishone upande wa ndani wa shati au uivae shingoni kwa kamba. Usiiweke kwenye mkoba wa baiskeli, maana baiskeli hubaki mtaroni na mwenyewe akachukuliwa. Usitegemee simu peke yake, kwani huweza kuvunjika, au kuibwa, au kufungwa kwa namba ya siri. Kitambulisho cha Taifa ni kizuri, lakini hakina namba ya simu ya mkeo.

Wako watakaosema kwamba kufanya hivi ni kujitakia mabaya, au ni kupungukiwa imani. Na wamkumbuke Yusufu. Alipokaribia kufa aliwaagiza ndugu zake habari za mifupa yake, na Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, unalihesabu agizo hilo kuwa tendo la imani. Amwaminiye Mungu haogopi kuitaja siku asiyoijua. Wala karatasi hii si hirizi. Haitalizuia lori. Breki nzima, taa usiku, na kushika upande wa kushoto bado ni wajibu wetu. Karatasi inafanya kazi moja tu: inasema pale mwenye nayo asipoweza kusema.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tupitao. Msamaria hakuuliza jina kwanza. Alifunga jeraha, akampandisha mnyama wake, akamlipia mwenye nyumba ya wageni. Mtu akilala barabarani bila karatasi, bado ni ndugu yako. Mwenye jina na asiye na jina, wote wanajulikana na Mchungaji Mwema, awaitaye kondoo wake kila mmoja kwa jina. Basi mwokoe kwanza. Kisha tafuta jina, ukapige simu.

Twawaomba wazee wa kanisa watenge nafasi Jumapili moja baada ya ibada. Vijana wenye mwandiko mzuri wawaandikie wazee wetu, na akina mama wazishone karatasi hizo kwenye mashati ya waume na watoto wao. Kazi hiyo haitapita saa moja.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuchora viganjani mwako, uwalinde wote wasafirio leo katika njia zetu. Aangukaye umpelekee jirani mwema, na amngojaye umpe habari zake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.