Kabla Zege Halijamwagwa

Kiangazi kikifika hapa kwetu Msanzi, mkoani Rukwa, moshi wa matanuru ya matofali huonekana kila upande. Aliyeuza mahindi yake anataka apaue kabla ya mvua za Novemba. Haraka hiyo naielewa, na ndiyo inayonifanya nisimulie habari ya Dar es Salaam, ingawa huku kwetu hatujengi maghorofa.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka. Walikufa watu 36. Viongozi walieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Lililoanguka lilikuwa na 16. Hebu zifikirie hizo sita za juu. Kila moja ilitaka mbao za kushikilia zege, nondo, mafundi na siku nyingi za kazi, huku mji mzima ukipita chini yake. Ghorofa haijengwi kwa siri. Waliiona wengi, ikaendelea kupanda.

Kazi ya mkaguzi wa majengo ina wakati wake. Anatakiwa afike mtaro wa msingi ukiwa wazi, apime kina chake na aukanyage udongo wa chini. Arudi nondo zikishafungwa, azihesabu, aone ringi zimeachana kiasi gani. Zege likishamwagwa, hata mhandisi hodari anabaki kutazama ukuta kama mpita njia. Mwenye nyumba anayemwambia fundi, "Mwaga tu, mkaguzi atakuta," amemfumba macho mtu aliyekuja kumlinda.

Na sisi wa Ufipa tuna sababu yetu wenyewe ya kumwita mkaguzi. Tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ya Rukwa ilitikisika kwa kipimo cha 7.4, mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika. Lile la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa la 5.9, nalo liliua watu 17 na kuangusha nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake. Nishati iliyotoka katika lile la kwetu ilikuwa zaidi ya mara 100 ya ile ya Kagera. Mwaka 1910 wengi wa wazee wetu walilala chini ya nyasi, ndani ya kuta za miti na udongo. Leo tunalala kati ya matofali mazito ya kuchoma, mara nyingi yameunganishwa kwa udongo mtupu, na lenta imekaa juu ya mlango tu badala ya kuizunguka nyumba yote. Pesa ikipungua, nondo za lenta ndizo tunazozikata kwanza, maana plasta itaficha.

Mhandisi wa halmashauri yuko Matai. Mtafute wiki moja kabla ya kumwaga zege. Siku atakayokuja, simamisha kazi, mtaro uachwe wazi, fundi awepo na ramani mkononi, na nondo zote zionekane.