Chenji ya Maembe

Msimu wa maembe hapa Makindu, pale magari ya Mombasa yanaposimama, mtazame mtoto anayemsaidia mamake kuuza. Embe ni shilingi 15, abiria anachukua manne, anatoa noti ya 100. Dereva hajapiga honi, na chenji ya 40 ishapita dirishani.

Jumatatu hesabu iyo hiyo inaandikwa ubaoni, na mtoto yule yule anainamisha kichwa. Nani alimtia hofu? Mara nyingi ni sisi wazazi. Tunacheka mezani: “Hata mimi hesabu ilinishinda, umenirithi.” Naona huo ni utani mbaya kuliko kiboko.

Na kukwepa hesabu hakupo tena. Aprili 2025, Waziri wa Elimu wa Kenya, Julius Ogamba, alitangaza kuwa hisabati itakuwa ya lazima kwa wanafunzi wote wa sekondari ya juu, ingawa kwa ngazi mbili tofauti.

Basi mzazi mwenzangu, leo jioni mwanao akileta daftari lenye alama nyekundu, usiulize kwanza amepata ngapi. Mwambie akuonyeshe alivyofikia jibu lake, kisha umsikilize mpaka amalize.