Jino la Mgonjwa, Je, Ni Jambo Dogo?



Mwezi huu tufikiri pamoja juu ya swali linaloulizwa kimya kimya katika nyumba zetu, hapa Abuku na sehemu nyingine za Koboko na Arua. Mtoto ana ugonjwa wa damu wa kuzaliwa. Wengine tunauita SS, wengine sikoseli, na katika vitabu vya Kiswahili unaitwa selimundu. Ugonjwa huo umeshakula fedha ya nyumba, usingizi wa mama na nguvu za baba. Sasa mtoto huyo huyo anasema jino linamuuma, au fizi zake zimevimba na zinatoka damu. Je, ni haki kutumia shilingi iliyobaki kwa ajili ya jino, wakati ugonjwa mkubwa uko palepale? Na watoto wengine wa nyumba hiyo, je, wao hawana haki yao?

Swali hili haliulizwi na watu wabaya. Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda uligawanywa kwa makundi kulingana na uhitaji, na nyumba nyingi zikabaki na kidogo kuliko zamani. Mwenye kidogo analazimika kuchagua, na kuchagua ni kazi ya dhamiri. Kwa hiyo tusimhukumu mzazi, bali tumsaidie kuona vizuri.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima ni za mviringo na laini, hupita hata katika mishipa myembamba sana. Za mwenye selimundu hujipinda kama mundu wa kuvunia, hukwama njiani na kuvunjika mapema. Hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapotoka, na upungufu wa damu. Tena wengu, ambao husaidia kupigana na vijidudu, huharibika tangu utotoni. Homa, maambukizi, baridi na kukosa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali.

Sasa tazameni jino. Kwa mtoto mwingine, jino lililotoboka ni usiku mmoja au miwili ya kulia. Kwa mwenye selimundu, usaha chini ya jino ni maambukizi katika mwili wenye ulinzi mdogo. Mtoto hali kwa sababu ya maumivu, hanywi maji ya kutosha, homa inapanda, na mwisho miguu, mgongo na kifua vinaanza kuuma. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo maana nasema hivi: jambo halina udogo wake lenyewe, linapimwa kwa mwili unaolibeba. Jiwe moja ni jepesi kwa baba na zito kwa mtoto, ingawa jiwe ni lile lile.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika sura ya 12 ya waraka wa kwanza, kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, na kwamba kiungo kimoja kikiumia vyote huumia pamoja nacho. Tumezoea kulihubiri neno hilo juu ya kanisa. Katika mwili wa mgonjwa huyu ni kweli hata bila mfano.

Lakini kuna neno lingine gumu zaidi, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: "Huyu hatadumu, kwa nini tujisumbue?" Hapa nataka niwape historia ya kweli. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu aliyeelezwa katika maandishi ya madaktari wa Marekani alikuwa Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada. Alifika Chicago mwaka 1904, akaugua, na madaktari wakaona damu yake ikiwa na chembe zenye umbo la mundu. Daktari James Herrick alichapisha habari hiyo mwaka 1910. Na kijana huyo alikuwa amekwenda Chicago kusomea nini? Kutibu meno! Alilazwa mara nyingi, lakini alimaliza masomo mwaka 1907, akarudi kwao na kufanya kazi ya meno mpaka alipokufa mwaka 1916. Maisha yake yalikuwa mafupi. Lakini muulize mtu aliyelala usiku wa leo kwa sababu jino lake limetibiwa, kama aliyemtibu aliishi bure. Urefu wa maisha ya mtoto hatujapewa sisi kuupima. Sisi tumepewa siku ya leo ya mtoto huyo, na maumivu ya leo.

Wengine husema kwamba kumpeleka mtoto kwa daktari ni kupungukiwa na imani. Someni 2 Wafalme sura ya 20. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akakubali kumponya. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi yalikuwa yamekwisha kusikiwa, na dawa ikawekwa vilevile.

Wengine hutafuta mwenye kosa: mama, ukoo, au mchawi. Wanafunzi waliuliza vivyo hivyo juu ya kipofu katika Yohana sura ya 9, na Bwana akakataa swali lao. Selimundu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, ambao mara nyingi ni wazima kabisa. Wote wakiwa na alama hiyo katika damu, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Uchunguzi wa watoto wachanga uliofanyika Uganda mwaka 2014 na 2015 ulikuta karibu watoto 7 kati ya 1,000 wana ugonjwa, na 13 kati ya 100 wana alama tu.

Hapa niseme juu ya jambo linalofanyika katika sehemu zetu. Mtoto mchanga ana homa na anaharisha, watu wanasema ni meno ya plastiki, fizi zake zinachimbwa kwa spoku ya baiskeli. Meno ya namna hiyo hayapo. Kinachotolewa ni jino changa ambalo Mungu aliliweka liote baadaye. Kama homa ile ilitokana na selimundu, mmeongeza kidonda juu ya ugonjwa. Mtoto wa miezi 6 na kuendelea akivimba mikono na miguu kwa maumivu, apimwe damu.

Na watoto wengine wa nyumba? Katika Matendo 4 kanisa la kwanza liligawa kwa kadiri ya uhitaji wa kila mmoja. Haki si kumpa kila mtoto sawasawa. Waelezeni ndugu zake kwa upole, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto akielewa, atamchotea ndugu yake maji bila kunung'unika.

Tena ulinzi mwingi hauna gharama kubwa. Apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi ikipatikana. Dawa za maji na chai mara nyingi zina sukari, basi asukutue kinywa baada yake. Anywe maji mara kwa mara. Fizi zikiuma, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo huku mkipanga safari ya kituo cha afya. Na mkifika, semeni mapema, "Mtoto huyu ana selimundu," kabla jino halijaguswa. Ugonjwa huu unaweza kuumiza taya hata jino likiwa zima, na si vizuri kung'oa jino lisilo na kosa. Lakini shavu likivimba, au akiwa na homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili na ibada haijaisha.

Nasi kama kanisa tuna sehemu yetu. Mama aliye peke yake hawezi kumbeba mgonjwa mpaka Koboko na kuwaachia wadogo nyumba. Mmoja abaki na watoto, mwingine achangie nauli, mwingine aende naye. Mtu akiuliza kwa nini tunahangaika hivyo kwa jino tu, mwambieni kwamba kwa mtoto huyu si jino tu.

Bwana awape nguvu wote wanaolea wagonjwa. Amina.