Shahidi wa Kichwa

Katika vilima vya Kisii na Nyamira walikuwako, tangu zama ambazo hakuna aliyeziandika, matabibu waitwao ababari, ambao kazi yao ilikuwa kuipasua ngozi ya kichwa cha mtu aliyepata kupigwa na kuukwangua mfupa wa fuvu, taratibu, mpaka ile sehemu waliyoishuku iondoke. Na madaktari wa hospitali walioishuhudia kazi hiyo katika karne ya 20 waliiandika kwa mshangao, kwa kuwa wagonjwa wengi waliishi. Lakini leo ustadi wa mikono yao haunishughulishi kama adabu ya hukumu yao. Mgonjwa aliweza kuwajia miezi mingi, pengine miaka, baada ya ugomvi, wakati majirani wamekwisha kulisahau rungu naye peke yake angali akilala na kuamka na maumivu. Omobari, yaani tabibu huyo, akamsikiliza, wala asimwambie kwamba, maadamu siku ile alisimama kwa miguu yake, basi alikuwa mzima.

Sisi wapenzi wa ndondi twahukumu kinyume cha hivyo. Bondia akipigwa kidevuni akayumba asianguke, twasema ana kichwa kigumu. Akianguka akainuka kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu kumi, twamsifu kwamba amepona. Amepona kwa sekunde kumi! Sikatai kwamba dalili zipo: miguu iliyorudi kutii, macho yanayomtafuta mpinzani badala ya kutangatanga, mikono iliyopanda tena kuulinda uso. Dalili hizo hueleza kama mtu aweza kupigana. Hazielezi yanayopita ndani ya fuvu, ambamo mshipa uliopasuka huweza kuvuja damu hali mwenyewe anazungumza kwa ufasaha.

Robert Wangila, aliyeipatia Kenya nishani ya dhahabu mjini Seoul mwaka 1988 kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali, alipigana na David Gonzalez mjini Las Vegas mwezi wa Julai 1994. Mwamuzi alipolisimamisha pambano, Wangila alilalamika kwamba angali aweza kuendelea. Kisha akazirai, na haukupita muda mrefu akafariki, naye ana umri wa miaka 26.

Hakusema uongo, alisema alichokihisi. Basi ni nani shahidi wa kichwa, ikiwa akili iliyojeruhiwa ndiyo iitwayo kutoa ushahidi juu ya jeraha lake? Watu husema bondia ameridhia kwa hiari yake. Nami naona ridhaa hiyo haimwondolei mwamuzi dhima yake hata kidogo, kwa sababu mwili ni amana, kama wanavyoamini Wasabato na Wakatoliki wa Kisii na Nyamira na Waislamu wa pwani, na aliyekabidhiwa amana hana ruhusa ya kuivunja ili ajue uimara wake. Pambano lililokatizwa mapema laweza kurudiwa mwezi ujao.

Enyi mnaowafundisha vijana ngumi huko Kisii na Nyamira, kijana akiwaambia siku ya tatu, au mwezi wa tatu, kwamba kichwa chamuuma, mwaminini, mkamvue glavu na kumpeleka hospitali.